Mafua Yote kwa Mpigo Mmoja

Jumatatu, 4 Februari 2019

Aule amerudishwa tena. Saa tatu na nusu! Hata chai ya ofisini sijamaliza. Mama Hersi, mwenye kituo cha kulelea watoto kule Wabera, amenipigia simu nije nimchukue mwanangu, pua inatiririka na mwili una joto. Ni mwezi mmoja tu tangu aanze pale. Mtoto wa miezi kumi ameshapata kikohozi, macho mekundu, kuhara, na sasa mafua kwa mara ya tatu. Akiwa nyumbani hakuwahi hata kupiga chafya. Sielewi.

Jambo lenyewe ni zito. Mke wangu Nakolong ndiyo kwanza amepata kazi ya kufundisha katika shule moja ya binafsi, miezi mitatu ya majaribio. Ameshakosa siku nne kwa sababu ya Aule. Mwalimu mkuu amemwambia akikosa ya tano asirudi. Miaka mitatu ameitafuta hii kazi! Nimemwahidi kwamba nitashughulikia. Nimesema kwa sauti ya mtu anayejua anachofanya.

Abdikadir, ninayekaa naye meza moja hapa idara ya mifugo, ana mtoto kituo hichohicho. Mahamud. Haugui hata siku moja! Nimemuuliza siri. Amesema ni maziwa ya ngamia, kisha akatabasamu vibaya.

Jumanne, 5 Februari

Mpango wa kwanza. Nimempangusa Aule pua mara nane kutoka nyumbani Kiwanjani mpaka Wabera, nikampaka mafuta akang'aa, nikamkabidhi mlangoni kwa salaam aleikum ya nguvu, nikageuka niondoke. Mama Hersi akaniambia ningoje. Yule mama hapokei mtoto hivihivi. Humpakata kwanza dakika tano, anamgusa nyuma ya sikio, ananusa pumzi yake. Dakika ya nne Aule akampigia chafya usoni.

"Baba Aule," akasema, akijifuta na mtandio, "huyu bado, wallahi. Rudi na yeye."

Nimeshinda naye ofisini, nimemlaza ndani ya katoni tupu chini ya meza. Bwana Kalicha, bosi wetu, ameuliza hiyo sauti ni ya nini. Nikasema ni kiti. Abdikadir akasema ni Aule. Msaliti!

Jumatano, 6 Februari

Zahanati. Nesi amemsikiliza kifua, akasema ni kisafi. Akaeleza polepole kwamba mtoto anayeanza kituo huugua mara nane, hata kumi, kwa mwaka. Mwili unajifunza. Ugonjwa aliokwisha kuupata haumsumbui tena upesi. Tunawe mikono, tumalize chanjo, aendelee kunyonya, na tuwe na subira. Akipumua mbiombio au akikataa kunyonya, tumlete mara moja.

Nimeuliza kama hizo mara kumi zinaweza kubanwa ziishe kwa wiki moja. Akauliza nafanya kazi gani. Nikasema mifugo. Akaita mgonjwa mwingine.

Alhamisi, 7 Februari

Nimepata! Nilipokuwa mdogo, ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia kwetu Gotu, baba hakungoja ng'ombe waugue mmojammoja mwaka mzima. Alichukua mate ya ng'ombe mgonjwa, akawapaka wengine midomoni. Kundi lote likaugua pamoja, likapona pamoja, likahama. Basi!

Nimempigia baba simu athibitishe. Akasema ndiyo, alifanya hivyo, lakini mtoto wa mtu si... hapo netiweki ikapotea. Nilichotaka nimeshasikia.

Jumamosi, 9 Februari

Leo ndiyo leo. Nakolong yuko shuleni kwa masomo ya ziada mpaka jioni. Jana nilimwomba Mama Hersi majina ya watoto waliorudishwa wiki hii, nikasema nataka kuwaombea. Akasema amiin. Wazazi wao nikawaambia Aule anasherehekea kuzaliwa. Kuzaliwa ni kuzaliwa, hata kwa miezi kumi.

Wamekuja wanne. Mmoja kikohozi, mmoja macho mekundu, na mapacha wanaohara. Nimefurahi sana. Mama wa mwenye kikohozi amesema mlangoni kwamba hicho kikohozi mwanawe aliletewa na Aule. Watu wana maneno! Nimepika uji sufuria moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja, zamu kwa zamu, Aule akiwa wa mwisho. Amekunywa vizuri kabisa.

Mara akaingia Abdikadir na Mahamud. Sikuwaalika! Mahamud amewabusu wote. Moyoni nimesema sasa tutaona hayo maziwa ya ngamia. Kisha nimeona haya. Kidogo.

Uji umebaki nusu sufuria. Nimeongeza sukari, nikanywa, nyingine nikamwekea Nakolong. Amerudi hoi, akakuta mtoto amelala na chakula kiko mezani. Ameniambia asante kwa namna ambayo hajaisema tangu Krismasi. Nampenda sana huyu mwanamke.

Jumapili, 10 Februari

Aule mzima! Pua kavu. Nimempima joto mara sita. Hana kitu. Inawezekanaje? Mahamud naye mzima, Abdikadir amepiga simu kushukuru. Nimechanganyikiwa.

Mimi nakohoa. Vumbi, bila shaka.

Jumatatu, 11 Februari

Si vumbi. Macho yamegandamana, tumbo linanguruma. Nakolong ametapika mara mbili usiku, na sauti imekwisha kabisa. Mwalimu bila sauti! Ameketi kitandani ameshika blauzi yake ya kazini, machozi yanatoka bila mlio wowote. Hii ndiyo ingekuwa siku ya tano. Nimeogopa kweli. Nilitaka kumwambia kila kitu, nikashindwa.

Akajifunga leso shingoni, akachukua boksi la chaki, akaenda.

Nimempeleka Aule kituoni. Mama Hersi amempakata dakika tano, amemgusa nyuma ya sikio, amempokea. Kisha akanitazama mimi. Akanikataza kuvuka kizingiti.

Jumanne, 12 Februari

Nimekamatwa. Asubuhi Mama Hersi amempongeza Nakolong kwa sherehe ya mtoto, na kumwuliza kama maombi yangu yamefika, maana wale wagonjwa wamepona.

Nakolong hawezi kupiga kelele, kwa hiyo ameniandikia. Kurasa mbili. Mahali pengine kalamu imetoboa karatasi. Ameandika kwamba Aule alishayapata magonjwa yote hayo mwezi uliopita, ndiyo maana hakuugua. Kwamba Mahamud aliugua mwaka jana mzima katika kituo kingine, mke wa Abdikadir amemwambia. Kwamba je, ingekuwa nimonia?

Hapo nimelia. Sikutarajia.

Mwishoni ameandika habari za kazi. Jana na leo amefundisha kwa kuandika ubaoni tu, na wanafunzi nao wakaanza kunong'ona. Mwalimu mkuu alipita, akakuta kidato cha pili kimya, jambo ambalo hajawahi kuliona. Amesema huyu ndiye mwalimu anayejua kutuliza darasa. Kandarasi ametia sahihi leo, hata miezi mitatu haijaisha!

Mstari wa mwisho: usifanye kitu chochote tena, nawa mikono, ngoja. Nimeapa. Nimenawa mpaka viwiko.

Ijumaa, 15 Februari

Saa tatu na nusu, simu ya Mama Hersi. Mafua mapya kabisa, yameletwa na mtoto aliyehamia juzi kutoka Garbatulla.

Nimemchukua Aule, nimekaa naye, nimefikiri kwa utulivu. Nakolong amepata kandarasi kwa nini? Kwa sababu darasa lilitulia. Lilitulia kwa nini? Kwa sababu hakuwa na sauti. Sauti iliondoka kwa nini? Kwa hiyo mpango ulifaulu, na hakuna aliyenishukuru. Kosa lilikuwa moja tu, na nesi mwenyewe alilisema: niliwaita watoto wa kituo kimoja, wenye magonjwa ambayo Aule anayajua.

Mji huu una vituo vingi. Leo nimezungumza na vitatu. Jumamosi ijayo Nakolong ana semina Meru, hatarudi mpaka jioni.