Nchi ya Lukman, Tezi Ikiwa Nje

Jumatatu, 4 Agosti

Tumeshindwa. Hapana, nafuta. Tumeibiwa. Hapana tena, mikono niliihesabu mwenyewe. Basi tumezidiwa kidogo.

Jambo lenyewe ni hili. Jana chama chetu cha mafundi mitumbwi, hapa mwaloni, ufukweni chini ya Butimba, tulipiga kula. Tujiunge na Umoja wa Mafundi wa Ziwa pamoja na Wakenya na Waganda, au tubaki wenyewe. Kujiunga maana yake kipimo cha mtumbwi kiwe kimoja ziwa zima, mkaguzi atoke popote, fundi wa hapa akajenge kule na wa kule aje hapa. Mimi nilisema tubaki. Nilisema vizuri sana. Hata wapinzani walikiri kwamba Mzee Lukman anajua kusema. Kisha wakanyoosha mikono upande wa pili.

Mke wangu Mwanaheri amechungulia begani hapa, anasema kura ni kwa r. Nimemwambia mama yangu Msukuma wa Magu alisema kula, na mwanawe akatoka fundi mkubwa kuliko wote mwaloni. Shajara ni yangu. Humu natawala mimi.

Kilichoniuma si Umoja. Ni mkono wa Venant. Venant wa Ukerewe, tumejenga pamoja tangu ndevu zetu zikiwa nyeusi. Mimi nje na nyundo, yeye ndani na chuma. Mimi napiga msumari, yeye anaukunja unapotokeza. Hatuonani, ubao uko katikati. Tunasikilizana kwa mlio. Na jana mkono wake uliinuka na wale wengine. Ulikuwa mrefu kuliko yote. Makusudi.

Leo amenisalimia. Sikuitika. Akarudia, akarudia, mpaka Rebeka, mwenyekiti wetu, akaitika kwa niaba yangu.

Jumanne, 5 Agosti

Habari mbaya, na nimeipata dukani kwa Amirali, si kwa mhusika. Umoja umemwita Venant Kisumu. Wana karakana mpya ya mitumbwi, wanataka akawafundishe vijana wao kukunja misumari. Miezi mitatu. Anaondoka wiki ijayo.

Si kwamba nitamkosa. Wakunjaji wako tele. Ila mtumbwi wa Amirali wa kupeleka mizigo visiwani uko nusu. Mbavu zimesimama, ubavu mmoja umepigwa mbao, mwingine uko wazi. Nitaumaliza peke yangu. Waliojenga safina walikuwa na nani?

Mwanaheri anasema walikuwa familia nzima.

Nimeamua: chama kimejiunga, Lukman hajajiunga. Karakana yangu itajitegemea, hakiingii kitu cha nje. Nilimtangazia Amirali palepale dukani, nikataka misumari ya kwetu. Akageuza boksi, limeandikwa Kenya. Akageuza jingine, China. Nikauliza lami. Akasema lami tuiache. Mbao za mvule? Zimetoka Uganda, na wewe mwenyewe ulizisifu mbele za watu. Kilichobaki ni pamba ya kalafati, ya kuziba nyufa. Hiyo ya Usukumani, haina shaka. Nikanunua pamba.

Amirali akanitania, babu yake alitoka Kachi, ng'ambo ya bahari, kwa hiyo kama nakataa vya nje nisimpe mkono. Nikamwambia yeye si wa nje, nimecheza naye gololi.

Nimefika nyumbani na furushi la pamba peke yake. Mwanaheri ameshika kifua akauliza nani amefariki.

Jumatano, 6 Agosti

Kazi ya peke yangu imeanza. Akili ninayo. Nimefunga jiwe kwa mpira wa baiskeli upande wa ndani, pale chuma cha Venant kinapokaa. Nikapiga msumari kwa nje. Jiwe likaruka. Nikaingia ndani kuliweka sawa, nikatoka, nikapiga. Msumari ukapita kando ya jiwe ukasimama wima kama kidole cha mwalimu. Nikaingia kuukunja. Nilipokuwa ndani ubao ukafunguka nje.

Mchana kutwa ndani na nje, ndani na nje. Waanika dagaa wamehamisha maturubai yao karibu ili waone vizuri.

Kidole gumba kimevimba. Nilimwambia Mwanaheri nimeumwa na nyigu. Akauliza nyigu ana nyundo.

Ila niandike ukweli mmoja, maana si kwamba mimi ni mbishi tu. Kipimo cha Umoja nimekiona. Mkuku wao, ule uti wa chini ya mtumbwi, ni mrefu kwenda chini. Kule kwao ufukwe ni mchanga na matope, mtumbwi unateleza. Huku kwetu ni mawe. Mawe juu ya maji, mawe chini ya maji. Mkuku mrefu utang'oka siku ya kwanza, na aliyeandika kipimo atakuwa Kampala anakula ndizi. Mtu akikuamulia jambo lako bila kuliona, hata kama ana nia njema, amekutawala. Hilo nililisema siku ile, hakuna aliyenijibu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimetangaza mpaka. Nimezungusha kamba ya katani karakana yote. Atakayeingia apige hodi na aeleze shida yake. Rebeka alipita kuniuliza kama kuna mgonjwa wa kuambukiza. Nikamwambia kuna uhuru. Akanikumbusha nilivyolipinga daraja la Busisi, nikisema kivuko kinatosha, na lilipofunguliwa nikalivuka nikarudi, nikavuka nikarudi, mpaka watoto wakadhani nimepotea. Nilikuwa nalikagua.

Jioni akaja Venant. Alitaka chuma chake. Nikamwambia kilichoko upande huu ni cha upande huu. Hakugombana. Alizunguka kamba taratibu kama mnunuzi wa kiwanja. Sasa, kamba ilikuwa fupi. Haikufika mwisho. Omo ya mtumbwi, mbele, ilikuwa ndani ya mpaka, na tezi, nyuma, imebaki nje.

Venant akakalia tezi. Akaokota kijiwe na kuanza kunyoosha misumari niliyoiharibu jana.

Nikamwambia aondoke. Akasema yuko nje ya nchi yangu.

Nikamwambia mtumbwi ni mmoja. Akasema, "Haya, umesema wewe."

Nimeingia ndani kulala mapema. Mtu asichukue neno langu akalitumia anavyotaka.

Ijumaa, 8 Agosti

Mpango mkubwa. Nimeuwaza msikitini, Mungu anisamehe. Kula irudiwe. Watu wengi siku ile walikuwa na njaa, mkutano ulichelewa, walinyoosha mikono ili waondoke. Wakipiga upya, tutashinda. Tukishinda, chama kinajitoa. Chama kikijitoa, Kisumu watamtaka Venant kwa mlango gani? Atabaki. Si kwamba nambakiza. Atabaki mwenyewe.

Nimeandika tangazo kwa lami kwenye ubao, herufi kubwa, mwandiko ule ule uliowashangaza kwenye elimu ya watu wazima:

KULA UPYA. JUMAPILI BAADA YA ADHUHURI. WOTE MNAKARIBISHWA. LUKMAN.

Nimeusimika pale wanapopita wote. Watu wanasoma, wanatabasamu. Mmoja alinishika mkono kwa mikono miwili. Upepo umeanza kugeuka.

Jumapili, 10 Agosti

Wamekuja na sahani.

Wamekuja na wake zao, na wakwe, na wageni wa wakwe kutoka Mkolani. Amirali amekuja na gunia la mchele begani kwa mpagazi wake, akanikumbatia. Alisema amefurahi mno, hakutegemea mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kuwapatanisha watu. Rebeka kaleta sato. Mwanaheri, ambaye alilisoma tangazo tangu juzi akanyamaza, alikuwa ameshakodi masufuria.

Nilimvuta pembeni nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Baba Yasmin, nilikuambia Jumatatu."

Nikapanda juu ya gogo nihutubie. Nikasema tumekusanyika kwa jambo zito. Wakapiga makofi. Nikasema nani anataka turudie. Mikono yote juu, hata ya watoto. Nikamwambia Rebeka ahesabu, huu ndio ushindi. Rebeka akapita na mwiko, akawaongeza wali.

Baadaye watu walipolegea, yakaanza mazungumzo yenyewe. Si kelele za siku ile. Mmoja alisema alinyoosha mkono kujiunga kwa sababu kijana wake alikamatwa kule ng'ambo na nyavu, na hakukuwa na mtu wa kumpigia simu. Mwingine alikataa kwa sababu kila anayekuja na mkoba husema ni kwa faida yenu. Nikasema la mkuku na mawe. Safari hii walitafuna huku wananisikiliza. Rebeka akasema nina haki, kipimo kile kina kasoro, na ndiyo sababu alitaka siku ile kunipendekeza niende mimi na Venant kukibishia, ila nilitoka mkutanoni kabla hajafika hapo.

Nilitoka kwa heshima. Hilo liandikwe.

Venant alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Alikuja kukaa karibu nami. Nikamwuliza, bila kumwangalia, amewapendea nini hao. Akasema hajawapenda wala hawajui. Akala kidogo. Kisha akasema, "Lukman, umri wote huu wewe unapiga, mimi nakunja. Umewahi kuniona mtumwa wako?"

Nikachambua mwiba wa sato.

"Na mimi sijawahi kukuona bwana wangu," akasema. "Nilidhani tunajenga mtumbwi."

Nikamwambia ale, wali unapoa.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimempa Venant ruhusa ya siku moja kuingia nchini. Kwa ajili ya Amirali tu, mtu amelipia mbao zake. Alipiga hodi. Nikamkaribisha. Tulifanya hayo kwa sura kavu, wote wawili, kama maofisa wa mpakani Sirari.

Tumepiga ubavu uliobaki. Mimi nje, yeye ndani. Hatukuzungumza. Kazi hii ina sauti yake: msumari ukizama vizuri unatoa mlio mzito, chuma kikiupokea ule mlio unakatika. Usipokatika ujue mwenzako hayupo. Leo ulikatika kila mara. Kuna mahali niliacha kupiga, nikasimama tu. Naye ndani akasimama. Hakuuliza kwa nini. Baadaye akagonga ubao mara moja kwa kidole, nikaendelea.

Jioni tumetia kalafati, pamba ile niliyonunua. Imetosha. Nilijua itatosha.

Nilimrudishia chuma chake. Nilisema ni msaada kwa nchi jirani.

Jumatano, 13 Agosti

Ameondoka jana. Sikwenda stendi, kidole kiliniuma. Mwanaheri amekwenda. Anasema Venant alichelewa kupanda, aliangalia nyuma mpaka kondakta akamfokea, na kwa haraka hiyo akasahau mto wake kwenye benchi. Mwanaheri kaurudisha. Uko hapa mezani. Mto gani huo, umebonyea upande mmoja.

Mtumbwi wa Amirali umeingia majini leo. Hauvuji hata tone. Watu wamenipongeza. Nimewaambia nilifanya karibu wote peke yangu.

Jumanne, 19 Agosti

Wakunjaji wako tele, niliandika. Nimejaribu wawili. Wa kwanza anakunja msumari kabla haujatokeza. Wa pili anasikiliza redio akiwa ndani ya mtumbwi. Napiga, mlio haukatiki. Unaendelea tu, unapotelea majini.

Mwanaheri ameshika chuma cha kuazima jana. Anakunja vizuri. Ila anauliza maswali, na ubao haumzuii.

Ijumaa, 22 Agosti

Venant kapiga simu. Kelele tupu, nyundo nyuma yake. Anasema kule wanapiga kwa nguvu bila kusikiliza, vijana wanne kwa mpigo, na mkuku ni ule ule mrefu. Amewaambia habari ya mawe. Wakamwuliza kama kuna mtu anaweza kuwaeleza vizuri. Anasema alifikiri sana, hakumpata.

Nikamwambia mimi siwezi kwenda, nina msimamo. Akasema anajua. Nikasema nchi ni nchi. Akasema ndiyo, Lukman. Nikasema asinibembeleze. Akasema hajabembeleza. Nikakata simu.

Nimekaa. Nimefikiri kwa kirefu, kama inavyompasa mtu mkubwa.

Jumamosi, 23 Agosti

Naenda Kisumu kesho.

Nisieleweke vibaya, hasa na Rebeka, aliyecheka mpaka akakaa chini. Umoja siujui. Sijajiunga na sitajiunga. Siendi kushirikiana na mtu. Naenda kuwatawala. Wakinisikiliza habari ya mkuku, ziwa zima litajenga kwa kipimo cha Lukman, na hiyo ndiyo kujitawala nilikokuwa nasema tangu mwanzo, wao ndio hawakunielewa. Nyundo yangu mwenyewe. Sukari yangu mwenyewe. Kwao nitachukua maji ya moto tu.

Mwanaheri ameuliza kama anifungie mto. Nimemwambia mtawala halali bila mto. Nimemwambia afunge miwili. Yule mwingine alisahau wa kwake, na siwezi kukubali fundi wa huku alalie mto wa kigeni.