Gitaa la Mwaka 1301

Msambweni, Jumatatu, 4 Machi 1957
Nimegundua! Nimemulika tochi ndani ya gitaa langu, lile la kifua kilichobinuka, nililouziwa na mpiga muziki wa hoteli ya Diani. Ndani kuna karatasi: jina la fundi, na namba 1301. Mwaka wa Hijria, bila shaka! Sasa tuko 1376. Lina miaka sabini na mitano! Hapo hapo nikaamua: lilikuwa la marehemu babu. Babake Mwanaima hamwozi bintiye kwa mtu asiye na asili. Asili ninayo, ina nyuzi sita.

Jumanne, 5 Machi
Posa imepokewa! Mzee aliitazama ile namba, akavua kofia, akasema mashaallah. Garama, mpiga gitaa mwenzangu na hasidi wangu, akauliza tangu lini babu, mgema wa Munje, akapiga gitaa. Nikamjibu alipiga kwa siri. Kijicho tu kile.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Mwanaima ametaja mahari yake, na ni haki yake. Hataki dhahabu. Anataka gitaa la babu! Shangazi yake, Bi Mwanapili, ndiye aliyeleta salamu hizo: eti litafungiwa sandukuni, urithi haukwaruzwi. Mwanaima nampenda, lakini gitaa ndilo pumzi yangu. Nikisema si la babu, mimi mwongo. Nikinyamaza, sina gitaa. 

Jumamosi, 9 Machi
Alhamdulillahi! Bi Mwanapili alikuja kulitazama. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ya mgonjwa. Mara akaingia Garama kuniumbua, na gitaa lake mkononi, la fundi yule yule, alilonunua jipya Mombasa mwaka jana. Karatasi ile ile. Namba 1402! Bi Mwanapili akahesabu kwa vidole, kisha akamwuliza Garama kama gitaa lake halijazaliwa bado. Kumbe fundi anahesabu magitaa yake tu! Nikaambiwa mimi mwongo, posa imevunjika, nisikanyage kwao. Nikainamisha kichwa asione ninavyocheka. Garama aliondoka akipiga mluzi. Maskini, hajui kuwa ameniokoa. Nimepiga gitaa hadi vidole vikauma.

Jumapili, 10 Machi
Nimelala fofofo. Leo nimeiinamisha cherehani ya mama, nikaona namba chini yake: 1288. Hii sasa ndiyo Hijria ya kweli! Nimekwisha kumwambia babake Mwanatumu, yule binti wa jirani, kuwa ni ya marehemu bibi. Wakiitaka iwe mahari, waichukue. Si yangu.