Jiwe la Mwisho na Diski Mpya

Jumatatu, 13 Januari
Leo nimebadilisha diski ya kompyuta yangu ya mpakato kwa mikono yangu mwenyewe. Dakika kumi. Sikumuuliza mtu.

Haya, si kweli. Diski mpya bado imo kwenye kasha lake, nami naitazama kama paka aonaye samaki nyuma ya kioo. Lakini nimenuia! Mpakato una miaka kumi na miwili. Ukiuwasha, utazoa theluji mlangoni, utakunywa chai, utarudi, nao bado unapiga miayo. Humo zimo ratiba zote za klabu yetu ya kusukuma mawe barafuni. Mpanga ratiba ni mimi, tangu mpakato huu ukiwa mwari. Jumamosi ni kura. Lorne, jirani yangu mwenye shingo ya bata mzinga, anakitaka kiti changu. Anatangaza kuwa klabu imechoka kungoja mpakato wa Nestor uamke. Tutaonana.

Jumanne, 14 Januari
Nimeufungua. Skrubu kumi na moja, nimezipanga kwenye trei ya keki ya Verna, mke wangu, kila moja na shimo lake. Verna akauliza kama keki za leo ni za chuma. Fundi akiwa kazini hajibu.

Muuzaji alinionya ninakili kwanza: yaliyomo kwenye diski ya zamani yaingie kwenye mpya. Nimebandika utepe wa njano kwenye ya zamani, mwekundu kwenye mpya, kama mishikio ya mawe yetu. Nani atachanganya?

Jumatano, 15 Januari
Nimechanganya.

Nilijificha gereji na kompyuta ya Verna, nikaziunganisha diski zote mbili kwa waya. Nyuzi thelathini chini ya sifuri. Programu ya kunakili ikauliza: ya kwanza ipi, ya mwisho ipi? Sasa, nani mji huu asiyejua kuwa jiwe la mwisho ndilo la thamani, maana ndilo huamua mechi? Mechi nzima unalilinda hilo. Basi diski ya thamani, ile ya ratiba, nikaiweka mwisho. Utupu wa mpya ukaimwagikia ya zamani, ukafuta kila kitu. Nina diski mbili safi kama barafu kabla ya mechi.

Nikamweleza Verna kiume. Nililia kidogo tu.

Alhamisi, 16 Januari
Verna akaniletea boksi lake la mapishi. Kumbe kila ratiba niliyowahi kuchapisha, nyuma yake kaandika mapishi! Kabichi za kukunja ziko nyuma ya mashindano ya 2014. Akasema, "Mzee, nilijua siku moja utazifuta. Sikujua tu kama utatumia akili nyingi hivyo."

Dada wa maktaba ameniwekea mfumo wa kuendesha kompyuta kwenye diski mpya. Mpakato unaamka kabla sijavaa miwani! Nimeandika ratiba ya Februari kwa vidole viwili. Hapa na pale nimeiboresha.

Jumamosi, 18 Januari
Ukumbi umejaa, perogi, zile sambusa za kuchemsha, ziko mezani. Nikawasha. Sekunde nane! Makofi. Kiti nikakiona kinanijia chenyewe.

Kisha Lorne akavaa miwani, akaisoma ratiba polepole kama wosia. "Nestor, ndugu yangu," akasema, "mechi zote sita umejipa wewe jiwe la mwisho."

Nikasema kosa ni la mpakato, siku hizi una haraka mno. Walicheka hadi perogi zikapoa. Kura ishirini na tatu kwa kumi na moja. Kiti kimeenda kwa Lorne.

Lakini mlangoni Lorne akanivuta pembeni, sauti chini. Kompyuta yake nayo inasinzia. Je, naweza kumwekea diski kama yangu?

Jumapili, 19 Januari
Nimechunguza. Kosa la Jumatano lilikuwa la baridi ya gereji. Diski ziliganda akili. Ya Lorne nitaifanyia jikoni, kando ya jiko. Utepe wa njano, utepe mwekundu, ya thamani mwisho, kama kawaida. Ataileta kesho. Picha zote za harusi ya bintiye zimo humo.

Ila desturi ya klabu ni moja tangu enzi za babu zetu: mshindi humnunulia aliyeshindwa kinywaji. Na kura ni mechi. Lorne, nakuomba glasi yangu moja ya wiski, ndugu yangu, na niipate kabla sijaanza kazi.