Njia Isiyo na Theluji

Jumanne, 14 Januari. Kochkor.

Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Asubuhi Aisuluu alinimiminia chai, mkono mmoja kwenye birika, mwingine kifuani. Nikasahau kunywa. Ndiyo maana baba mkwe alipopiga simu ilibidi arudie maneno yake mara mbili.

Jumamosi adhuhuri, Talas. Karamu ya bibi harusi kurudi kwao kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo mila haimruhusu kukanyaga kwa wazazi wake. Aisuluu aliisikia sauti ya mama yake ikiuliza kama anakula vizuri, akageukia dirishani. Mabega yake madogo. Nimeapa: Jumamosi adhuhuri atakuwa mikononi mwa mama yake, hata kama nitambeba mgongoni.

Baba mkwe aliendesha katapila la kusafisha theluji milimani kwa miaka thelathini. Humpima mwanaume kwa barabara anayoichagua. Aliuliza nitapita wapi. Nikasema bado nafikiria. Akasema mwanyumba wangu Kanybek, dereva wa lori wa Naryn aliyemwoa dada yake Aisuluu, huwa hafikirii, huwa anafika.

Kanybek. Mabega kama kabati.

Jumatano, 15 Januari.

Nimetandaza ramani. Njia ni mbili. Ya mlimani inapita Chaek na Suusamyr: fupi, ina maporomoko ya theluji. Ya bondeni inapita Tokmok na Bishkek, inavuka mpaka na kuingia nchi jirani hadi Taraz, kisha inarudi Talas: ndefu, lakini tambarare kama meza. Nimechagua ya bondeni. Kanybek hubeba maharage, mimi nabeba nuru ya macho yangu.

Mama yangu alifurahi mno. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba bondeni kote wamejaa ndugu zetu. Bibi harusi mpya hapiti mlango wa ndugu wa mume bila kuingia, kuinama mara tatu, kuonwa uso, kupewa zawadi na kula. Kula maana yake kondoo mzima. Kondoo mmoja ni saa kadhaa.

Mpango: nimemwambia mama tunaondoka Ijumaa. Tutaondoka kesho alfajiri, kimyakimya. Akili hii sijui niliirithi kwa nani.

Aisuluu alipendekeza tuondoe tepe nyekundu za harusi kwenye gari. Niliumia. Tepe zile zilifungwa siku niliyomchukua kwao, zitolewe kwa sababu gani? Akasema, "Haya, mume wangu," kwa ile sauti yake.

Alhamisi, 16 Januari. Tokmok.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Aisuluu aliimba njia nzima ya korongoni. Niliendesha polepole ili wimbo usiishe.

Tokmok, wapita njia walitupungia mikono. Watu wema sana wa mji huu. Dakika kumi baadaye, Shangazi Burul alikuwa amesimama katikati ya barabara, amebeba mkate juu ya kitambaa. Ilikuwa kusimama au kumgonga. Akaingiza kichwa dirishani: "Ulitaka kupita mlangoni kwangu kama lori la makaa? Mtoto niliyekuosha mimi mwenyewe?" Kondoo alikuwa ameshafungwa kamba.

Tumekula mpaka jua likazama. Zawadi: mifarishi miwili. Tunalala hapa.

Alijuaje? Namshuku Kanybek.

Ijumaa, 17 Januari. Kara-Balta.

Mpango wa pili. Njia za mashambani. Kofia ya manyoya mpaka kwenye nyusi. Aisuluu amelala kiti cha nyuma chini ya mifarishi, anacheka mpaka mifarishi inatikisika. Hakuna jasusi ambaye angetutambua.

Tulitambuliwa mara tatu. Mara ya kwanza na mpanda farasi, tena kutoka ng'ambo ya mto. Alinyoosha mjeledi kuelekea kwenye gari letu, akapiga kelele, na kijiji kizima kikatoka. Mjomba Jumash alimfunulia Aisuluu mfarishi na kuuliza kama naiba mke wangu mwenyewe. Karamu tatu, vichwa vitatu vya kondoo mbele yangu, na kichwa cha mgeni hakikataliwi. Mkanda nimeuachia tundu la mwisho.

Hapa Kara-Balta binamu Temir alikataa katakata kutuacha twende mikono mitupu. Ametupa kondoo hai. Nimempakia nyuma. Nimemshukuru Temir kwa moyo wote, kwa kuwa nimefikiri: angalau huyu hatuhitaji kumla.

Jumamosi, 18 Januari.

Saa tatu asubuhi tulikuwa mpakani. Afisa aliliona gari kwa mbali, akatupongeza. Akasikia sauti kutoka nyuma. Akasema bibi harusi apite, bwana harusi apite, kondoo hapiti.

Huwezi kumtupa kondoo wa zawadi barabarani. Tulimrudisha kwa Temir. Temir alisema kumpokea mgeni aliyerudi bila kumchinjia ni aibu. Akamchinja huyohuyo.

Adhuhuri ilinikuta nimeshika kichwa cha nne. Aisuluu aliinama mara tatu, akaketi, akatazama saa ya ukutani. Hakulia. Afadhali angelia. Mama yake alipiga simu: "Njooni polepole, mwanangu, nyama tutapasha." Nyuma yake nilisikia kicheko cha Kanybek. Amepita mlimani. Safari ya saa kumi tu, kwa kipande kimoja cha mkate.

Mke wangu alinikabidhi simu na kusema kwa upole kwamba maisha yake yote yaliyobaki angependa samaki. Nikamwahidi samaki.

Jumapili, 19 Januari. Talas.

Tumefika saa nne asubuhi. Mama mkwe alikuwa langoni. Walisema jana hakuketi kwenye karamu yake mwenyewe, kila saa alitoka kutazama barabara. Aisuluu aliruka kabla gari halijasimama, kiatu kimoja kikabaki kwangu. Walikumbatiana. Nilikishika kiatu kile, nikalia kama mtoto.

Baba mkwe alilizunguka gari. Akauliza theluji tuliikuta wapi. Nikasema kwa fahari kwamba hatukuikuta popote. "Basi umekuja salama," akasema. "Umenenepa tu." Akagusa tepe, akauliza kama zilikuwepo njia nzima. Nikasema sikuzifungua hata mara moja, kwa mapenzi. Alimtazama Kanybek. Wote wawili waligeuka, wakaanza kukohoa ndani ya kofia zao. Wanaume wa milimani huona haya kuonyesha kwamba wameguswa.

Jumatatu, 20 Januari.

Nimepata njia ya kurudia. Ya mlimani. Kule sina ndugu hata mmoja. Mama mkwe amesema yeye ana kaka zake watatu Suusamyr na wawili Chaek, lakini nimeshaliwaza hilo. Nimewaambia wote tunaondoka Alhamisi. Tutaondoka Jumatano alfajiri, kimyakimya.

Tepe za zamani zimechakaa kwa safari. Nimenunua mpya sokoni, nyekundu zaidi, ndefu zaidi, zenye vikengele. Aisuluu alizitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Haya, mume wangu," kisha akaenda kumwomba mama yake dawa ya tumbo ya watu wawili. Huyu mwanamke hufikiria kila kitu.

Nimezifunga mwenyewe kwa mafundo mawili, zisije zikapeperuka.