Mmarekani Aliyetoka Kichwani Mwangu

Jumanne, 1 Machi 1994

Kimetoka! Kitabu changu kimetoka! Bunda la nakala limeshuka na treni ya asubuhi. Nimelikumbatia pale pale kituoni, bibi mmoja akadhani nimefiwa, akanipa pole. Jalada linawaka! Koshei Asiyekufa, yule mchawi wa ngano zetu, kavaa kofia ya rubani, kashika usukani wa meli ya nyota. Nyuma yake kibanda cha Baba Yaga, bibi kizee mchawi, kinapaa, miguu yake ya kuku inatema moto. Raha iliyoje!

Juu, kwa herufi za dhahabu: Chester Stonehill, Marekani. Chini kabisa, herufi za kutafutia miwani: kimetafsiriwa na I. Podkovirov.

Podkovirov ni mimi. Na Stonehill ni mimi. Mchapishaji wa Moscow alinieleza bila kumung'unya maneno: siku hizi msomaji wa Urusi hataki nyota za Mrusi, anataka za Mmarekani. Akaniuliza, fundi redio wa Luzhki aende sayari gani? Nikakubali papo hapo. Mpango wangu ni huu. Kitabu kipendwe kwanza. Kisha nijitokeze. Rimma Arkadyevna apigwe na butwaa, nami nimwombe anioe, yaani nimwoe. Rimma ni mkutubi wetu. Mwaka wa nne huu nampenda, na mwaka wa nne huu tunazungumza habari za hali ya hewa tu.

Mama, ambaye hapa Luzhki peke yake anajua siri, kasema nimejipalia makaa. Nimempa nakala moja akae kimya. Maktaba nimepeleka sita.

Alhamisi, 3 Machi

Klabu ya Wapenzi wa Hadithi za Nyota imekutana leo maktabani. Wamekipenda! Watu kumi na saba, hakuna aliyelala usingizi wa maana tangu juzi. Pale Baba Yaga anapokataa kumjibu nahodha swali lolote mpaka aoge kwanza, achapwe majani ya mti wa mbetula ndani ya bafu la mvuke la meli, kisha ale ashibe, watu wamecheka hadi kushika mbavu. Mzee Zosima, mlinzi mstaafu wa daraja, kalia machozi kwa ajili ya Ilya wangu, shujaa wa ngano ambaye badala ya kukaa juu ya jiko la matofali miaka thelathini na mitatu, anailala yote ndani ya kabati la barafu.

Wote wakashangaa. Mmarekani kazijuaje ngano zetu namna hii? Nilikuwa navimba kama unga wenye hamira. Bado kidogo nipasuke!

Ndipo akasimama Shubnikov. Ernest Shubnikov, mwalimu wa jiografia, mwenyekiti wa klabu, mwenye ndevu na kitana maalumu cha ndevu. Kasema Stonehill ni bingwa wa mabingwa, lakini mtafsiri wake ni punda. Eti sentensi zinachechemea. Eti mtu anasikia kabisa jinsi Kiingereza kizuri kilivyochinjwa.

Kiingereza gani? Sijui Kiingereza mimi!

Watu wote wakanigeukia. Rimma, kwa huruma, kasema labda mtafsiri alikuwa na haraka. Haraka! Miaka miwili! Nilikula mkate wa tangawizi wote uliokuwa mezani.

Jumamosi, 5 Machi

Ala! Ala! Imeandikwa barua kwa jina langu, na sikuiandika mimi, wala haikuja kwangu!

Nimeingia maktabani nikamkuta Shubnikov anamsomea Rimma barua kutoka Marekani. Kutoka kwa Stonehill! Bahasha ina stempu na kila kitu. Eti wanaandikiana mwaka wa sita huu. Eti siri ya kifo cha Koshei, kile kilichofichwa kwenye ncha ya sindano ndani ya yai, ni yeye Shubnikov aliyemweleza. Eti Stonehill analalamika kuhusu mtafsiri na anaomba apewe mwingine mwenye akili. Na Jumanne, Siku ya Wanawake, anakuja Luzhki yeye mwenyewe!

Rimma kamshika Shubnikov mkono wa koti. Mkono wa koti!

Nifanye nini? Nimwite mwongo? Ataniuliza nimejuaje. Nikisema nimejuaje, basi tuko waongo wawili. Njia ya mwongo ni fupi, na huyu bwana kaja kuegesha mkokoteni wake katikati ya njia yangu.

Lakini nina mipango miwili. Wa kwanza, muswada wangu wa mkono, ukurasa hadi ukurasa, nitaubwaga mezani mbele ya watu wote. Wa pili ni mtego. Mgeni wa Shubnikov, vyovyote alivyo, atakuwa Mrusi wa kuokota. Wakati wa kuondoka atafanya kitu ambacho Mmarekani hakijui. Nami nitakuwa namkodolea macho!

Jumatatu, 7 Machi

Mama, ambaye hufupisha Innokenti kuwa Kesha, kaniambia, "Umeshakuwa mtu mzima, Kesha wangu. Nenda kwa huyo binti, mwambie ni wewe. Ana masikio, atasikia." Nimemweleza kwamba mambo makubwa hayasemwi mlangoni hivi hivi, yanahitaji hadhara. Kanitazama, kaendelea kumenya viazi.

Nimeifanyia mazoezi hotuba yangu mbele ya jiko. Jiko limeguswa sana.

Jumanne, 8 Machi, Siku ya Wanawake

Mungu wangu. Niandike kwa utaratibu.

Stonehill kafika. Kofia pana ya wachunga ng'ombe, koti la mirabaraba, na meno mawili ya dhahabu ambayo daktari wetu yeyote wa meno angeyatambua gizani. Anajua maneno mawili, "yes" na "okei". Akisema "yes", Shubnikov anatafsiri dakika tano. Kasifiwa. Kalishwa piroga, mikate iliyojazwa kabichi. Kampa Rimma ua la mimosa, na Rimma kaona haya.

Nikasimama. Nikabwaga muswada, kurasa mia sita na kumi na mbili, madoa ya jamu na yote. Nikapaza sauti: "Stonehill ni mimi! Nimeandika mimi, kila neno!"

Kisha Shubnikov, kwa upole wa mwalimu, kauliza jamaa wanashangaa nini. Mtafsiri kuwa na muswada ni ajabu? Walidhani anatafsiri kwa koleo? Ukumbi ukaangua kicheko. Stonehill akanipapasa kichwa, akasema, "Okei."

Sikukata tamaa! Mtego ulikuwa bado. Saa ya treni ikafika, watu wakavaa makoti. Na kweli! Huyo Mmarekani, bila kuambiwa na mtu, kaketi juu ya sanduku lake, mikono magotini, kimya, kama anavyoketi kila mjomba wetu kabla ya safari ili iwe ya heri. Nikaruka nikamnyooshea kidole. Nikasema mmeona! Mmarekani gani huyu anayeketi kabla ya safari?

Wakamtazama. Nikajua nimeshinda, nikamtazama Rimma!

Mzee Zosima akafuta macho. Akasema, "Jamani, jamani. Kajifunza hadi hili. Huyu roho yake ni yetu kabisa." Makofi! Wakamchagua mwanachama wa heshima hapo hapo. Kisha Shubnikov akaomba mtafsiri asaidie kubeba sanduku hadi kituoni.

Nikalibeba. Lilikuwa limejaa viazi.

Jumatano, 9 Machi

Rimma kaja kwenye karakana yangu! Peke yake! Kafunga mlango, kaweka kitabu juu ya redio iliyofumuliwa.

Kasema amejua tangu ukurasa wa thelathini. Mkutubi wa meli ya nyota ana mwanya kama wake na shali ya buluu kama yake, na nahodha kila akimwona anaongelea hali ya hewa. Kaniuliza kama nilidhani haijui shali yake. Kasema pia kile kitabu cha ngano nilichokiazima majira mawili ya baridi kimerudi na mafuta ya redio kwenye kurasa za Koshei tu.

Nikamuuliza kwa nini basi jana alinyamaza. Akasema alikuwa anasubiri. "Uliwaambia watu kumi na saba, Innokenti Savich, na mwongo mmoja, na jiko la mama yako. Mimi hukuniambia."

Kumbe Mama kasema naye! Nitashughulika na Mama baadaye.

Kisha kasema jambo zito. Maktaba ya mji wa Yaroslavl inamwita kazini, na lazima ajibu Ijumaa. Akasema hataki ua wala hotuba. Anataka ukurasa mmoja, wa kwanza wa kitabu kipya, na juu yake jina langu mwenyewe. Akiuona, atabaki Luzhki. Asipouona, Jumamosi anapanda treni.

Nimelia. Naye kalia. Nimeapa kwa kila kitu. Ananipenda! Rimma ananipenda mimi, Podkovirov!

Alhamisi, 10 Machi

Ukurasa umekamilika! Bora kuliko yote niliyowahi kuandika. Baba Yaga mjane anafungua kituo cha mafuta ya roketi upande wa pili wa mwezi. Ukisoma mstari wa kwanza tu, huwezi kuuweka chini.

Nikapiga chapa jina juu: Innokenti Podkovirov. Nikalitazama. Nikasogea dirishani, nikalitazama tena. Liko uchi, maskini. Kama mtu aliyetoka bafuni kabla wageni hawajaondoka. Ukurasa mzuri hivi, tena wa kumpa mwanamke kama Rimma, na jina la fundi redio?

Ndipo likanijia! Nimeshika kichwa kwa furaha. Nimepiga chapa upya. Juu: Madeleine de Valcourt, Ufaransa. Na chini yake, kwa herufi kubwa kuliko za Mfaransa: kimetafsiriwa na Rimma Arkadyevna Teplova.

Jina lake mwenyewe, kitabuni, hadi Moscow! Aliomba jina moja, mimi nimempa mawili!

Nimepiga viatu rangi. Kesho saa mbili asubuhi niko mlangoni pake. Hiyo Yaroslavl ataisahau papo hapo.