Uzi wa Kijani Kwenye Tuta la Maharage

Jumatatu, 3 Juni

Baridi imeingia. Sijaijua kwa upepo, nimeijua kwa mke wangu: leo katoa kikapu cha uzi chini ya kitanda, kakipangusa vumbi, kaketi nacho kwenye kiti chake cha dirishani. Basi, msimu umefunguliwa rasmi.

Sheria ya nyumba hii haijabadilika tangu tuoane. Kila msimu wa baridi mke wangu anafuma sweta moja. Moja tu. Kila mmoja wetu ana tuta lake la mboga kule nyuma ya jiko. Ikifika Jumapili ya supu, mboga zetu zinaingia sufuria mbalimbali, mama mkwe anaonja, kisha anamnyooshea mmoja kidole. Huyo ndiye mwenye sweta. Hakuna rufaa.

Mimi sijawahi kunyooshewa kidole. Kwa wema, namaanisha.

Mwaka jana alishinda shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kinyozi wa pale kona. Mwaka juzi pia yeye. Lile sweta lake jekundu halivui hata akiwa ananyoa, anasema wateja wanalisifu. Mwaka huu kapanda kabichi, na sasa hivi huwezi kuikumbatia hata moja. Mimi nimepanda maharage yale yanayopanda juu ya fito. Yangu hayapandi. Yamelala.

Niseme ukweli, maana humu hasomi mtu: nalitaka sweta hilo. Masweta ya dukani ninayo. Nataka lile ambalo mke wangu amekaa nalo mapajani jioni baada ya jioni huku ananifikiria mimi. Hata chupa ya chai ya nyumba hii imefumiwa sweta. Mimi nina soksi. Nayo ni moja, ya pili ilikatishwa na harusi ya mpwa wake.

Jumanne, 4 Juni

Upelelezi. Nilijifanya natafuta miwani, nikachungulia kikapu. Rangi ni kijani kibichi. Mgongo unakaribia kwisha, maana usiku kucha sindano zake hazikulala.

Shemeji alikuja chai ilipoiva, kama ilivyo desturi yake. Hapo hapo mke wangu akamwambia ageuke. Akamwekea kile kipande mgongoni, akakivuta huku, akakivuta kule, akasema mabega yamekaa sawasawa.

Mbele ya macho yangu! Supu haijapikwa, mshindi kashapimwa.

Nilimuuliza mama mkwe, kwa adabu zote, kama haya ni haki. Mama mkwe anaishi nasi, na shughuli zake zote anazifanya amefumba macho, ikiwemo kutuona. Alisema nikapalilie maharage yangu. Kisha akaendelea kusinzia.

Sikupalilia. Mtu akishaonewa, jembe linakuwa zito.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekata shauri, nitapigana hadi mwisho. Maharage yangu si mabaya, tatizo ni kwamba yanaburuzika kwenye tope. Yakisimama, yatatisha. Yanahitaji kamba.

Kamba ya katani yote kaimaliza shemeji kufungia uzio wa kabichi zake. Nilimwomba masalio. Alisema angenipa kama ningewahi jana. Nikimwomba chochote mtu huyu, siku zote ni jana.

Ndipo wazo likanijia, nikiwa nimekaa hapa hapa ukingoni mwa kitanda. Chini kabisa ya kikapu kuna madonge mawili ya uzi wa kijani. Maharage nayo ni ya kijani. Nani ataona? Tena mgongo na kifua vimeshafumwa, kilichobaki ni mikono. Maharage yangu yatasimama, na shemeji atavaa sweta lisilo na mikono. Kazi moja, faida mbili. Wakati mwingine najishangaa.

Mke wangu alikuwa sokoni. Mama mkwe alikuwa kibarazani, kafumba macho. Donge la kwanza nililizungusha zima bila kulikata, kutoka ufito hadi ufito, tuta lote. La pili nililikata vipande vifupi vya kufungia shina moja moja. Ukisimama mlangoni huoni kitu ila maharage yenye nidhamu.

Jumamosi, 8 Juni

Mke wangu kagundua uzi haupo. Kageuza kikapu, kainua godoro, kafungua hata debe la unga. Mama mkwe, macho kafumba, akasema atakuwa panya.

Nikaunga mkono haraka. Nikasema nimemsikia kabisa, tena mkubwa. Hapo ndipo nilipojiponza, maana mke wangu akasema vizuri, kwa kuwa nimemsikia, nimkamate. Kwa hiyo sasa ni kazi yangu kujiwinda mwenyewe. Nimetega mtego chini ya kitanda, nimeweka na kipande cha samaki ili ionekane ni kazi ya mtu makini.

Mchana alikwenda kwa muuza nyuzi. Akaambiwa rangi ile imekwisha, mzigo mwingine hauji mpaka baridi ipite. Alirudi mikono mitupu. Alikaa dirishani na lile sweta lisilo na mikono, akilikunja na kulikunjua. Kumbe aliupenda sana uzi ule.

Nilijisikia vibaya kweli. Roho iliniuma mpaka chakula kilipoiva.

Jumatatu, 10 Juni

Mtego umekamata dole gumba langu. Niliingiza mkono kuangalia kama unafanya kazi. Unafanya.

Mke wangu alinifunga kitambaa taratibu, akapulizia na pumzi, akasema pole mume wangu, yote haya kwa ajili ya uzi wangu. Hapo nilitaka kusema kila kitu. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Akanitilia kikombe cha chai ya moto, nikaona si heshima kuiacha ipoe.

Shemeji alipita kuniona. Aliuliza huyo panya ana hali gani.

Jumatano, 12 Juni

Maharage! Yamepanda utadhani yanafukuzwa. Maganda yaliyokuwa yanaozea topeni sasa yananing'inia yamenona, unayachuma umesimama wima. Shemeji alikuja nyuma ya jiko, akasimama muda mrefu mikono mifukoni, akaniuliza nayapa nini. Nikamjibu, moyo.

Nimelala mchana usingizi mtamu sana.

Jumapili, 16 Juni

Leo ndiyo Jumapili yenyewe. Naandika nimekaa jikoni.

Miaka yote mama mkwe hukaa mezani akaletewa vijiko. Leo, supu zikiwa jikoni zinachemka, akasema goti lake limepata nafuu, angependa ayaone matuta. Tukamshika mkono. Akazipapasa kabichi za shemeji, akaitikia kwa kichwa. Akafika kwangu. Akapapasa jani, akapapasa ganda. Kisha akafumbua macho yote mawili, jambo ambalo sijaliona siku nyingi, akashika ncha ya uzi kwenye ufito wa kwanza.

Mtu aliyefuma maisha yake yote akishika uzi ulio wazi, hawezi kuuacha. Mkono unaanza wenyewe kuukunja. Mama mkwe alikunja. Alifika ufito wa pili, akakunja. Alitembea polepole tuta zima, donge likikua mkononi mwake, na nyuma yake maharage yangu yakilala chini moja baada ya jingine. Nilijaribu kukohoa, hakugeuka.

Mwisho wa tuta akamkabidhi mke wangu donge, akasema panya huyu anajua kufunga mafundo.

Mke wangu alinitazama. Ningependa angepiga kelele. Aliniuliza tu kwa nini. Nikamwambia ukweli wote: kwamba kamba sikuwa nayo, kwamba sweta lilishapimwa mgongoni kwa mdogo wake, kwamba mimi nina soksi moja.

Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Akasema sweta lilikuwa langu. Tangu mshono wa kwanza lilikuwa langu. Alimpima mdogo wake kwa sababu mabega yetu ni sawa, na angenipima mimi ningeuliza maswali mpaka Desemba. Amechoka kungoja nishinde. Alishapatana na mama yake kwamba mwaka huu kidole ni changu, hata ningeleta mezani jani moja la mchicha.

Jani moja. Nilikuwa nimeshinda siku nyingi. Kazi yangu ilikuwa kukaa tu.

Nilitamani nilale palepale na maharage. Machozi yalinitoka, na si kwa sababu ya vitunguu, vitunguu vilikuwa ndani.

Tukaingia mezani. Mama mkwe akaonja kabichi. Akaonja maharage. Akarudia maharage. Akatafuna, akavuta pumzi, akaninyooshea kidole. Shemeji akataka kusema jambo, mama mkwe akamwambia maharage hayana kosa.

Ndipo mke wangu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini, na mimi nikapata nguvu ya kuomba sahani ya pili.

Jumatatu, 24 Juni

Limekwisha. Ninalo mwilini hivi ninavyoandika.

Lina mkono mmoja. Donge la kwanza, lile ambalo sikulikata, limetosha mkono wa kulia kamili. Lile la vipande halikufaa kitu. Mke wangu alijaribu kuunganisha, akaacha, akasema havai mtu gunia la mafundo. Ndani ya kiwiko kuna jani la maharage lililofumwa humo humo. Nimemwambia aliache. Aliponivalisha alinikung'uta mabega, akarudi nyuma hatua mbili kunitazama, akasema limenipenda. Shemeji aliponiona alizima mashine yake, akamwomba mteja radhi, akatoka nje kucheka.

Acheke. Bega la kulia lina joto kama limekumbatiwa. Sijawahi kuwa na msimu mzuri namna hii.

Mke wangu kasema mzigo mpya wa uzi ukija, ataumaliza mkono wa kushoto. Sharti ni moja: nitulie. Nisiguse kikapu, nisisaidie, nisiwaze. Nimeapa, tena mbele ya mama mkwe.

Na nitatulia. Ila mkono wa kushoto una baridi.

Asubuhi shemeji kaleta lile sweta lake jekundu lifuliwe. Liko kwenye kamba hapo nje, linachuruzika maji. Nimelipitia karibu, bahati tu, nikaona pale kwenye kiwiko cha kushoto uzi umelegea, umechungulia nje. Ukiuacha vile utamletea matatizo. Nimeuvuta kidogo ili nione unaishia wapi. Hauishi. Nao ni uzi mzuri, na nyekundu kwa kijani si mbaya ukizoea.

Hakuna wa kuniona. Mke wangu yuko sokoni. Mama mkwe yuko kibarazani, kafumba macho. Mkono wake tu ndio unaozunguka taratibu hewani, utadhani anakunja uzi.

Usingizi wa wazee una vituko. Natoka mara moja.