Kuhusu Karata za Kubashiria Mlizoziita "Kijiji Chetu"

Likasi, tarehe 11 Juni

Kwa Mama Hortense, Mkurugenzi wa wachapaji wa karata, Lubumbashi.

Mama,

Nakuandikia nikiwa kitandani. Daktari ameacha kuhesabu miezi, sasa anahesabu wiki. Lakini nilifundisha miaka thelathini na minane, na kazi mbaya siwezi kuiacha bila kuisahihisha. Mjukuu wangu Bénie ameniletea karata zenu zenye picha za maisha ya vijijini na mila zetu. Nimezitazama zote ishirini na mbili. Naomba, kwa heshima, mzichome. Sababu ni hizi:

1. Kwenye karata ya Malkia, mwanamke anasonga bukari, yaani ugali wetu, huku akitabasamu na kutazama mbali. Jaribu mwenyewe, Mama. Anayesonga bukari ya watu wanane akitazama mbali atakula mabonge, wala hatatabasamu.

2. Kwenye karata ya Nguvu, mwanamume anapika munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Tangu lini? Kazi ya mwanamume kwenye munkoyo ni kuuliza kama uko tayari.

3. Mvuvi wa mto Lufira amebeba samaki mwenye meno, mkubwa kuliko mtumbwi wake. Samaki huyo angekuwepo, bwawa la Mwadingusha lingekuwa limeshaliwa.

4. Mkaapweke ni mzee mwenye taa, yuko peke yake porini. Mzee wa kwetu atapata wapi upweke? Tangu Pasaka naomba nusu saa tu ya kukaa peke yangu. Binti yangu Élise analeta uji, mchungaji analeta mafuta, na jirani analeta kiti chake mwenyewe, maana yake hana haraka.

5. Hili ndilo zito. Nyuma ya kijitabu mmeandika kwamba mila zote zimeelezwa na "Mzee Dominique, mjuzi wa kijiji". Mzee huyo ni mimi. Mchoraji wenu Josée alikuja kuniuliza, nami nikamjibu siku nne mfululizo. Nakiri kabla sijafa: nilizaliwa kambi ya wafanyakazi, hapa hapa Likasi. Kijijini nimefika mara mbili, zote kwa mazishi, na zote nilirudi kabla ya chakula. Samaki yule ni wangu. Munkoyo ule ni wangu. Niliona haya kusema sijui.

6. Sasa mtani wangu Blaise amejipatia boksi la karata zenu. Kwetu mtani wa ukoo ndiye anayemzika mwenzake, na pale kaburini ana ruhusa ya kutangaza aibu zote za marehemu, wala hakuna wa kumnyamazisha. Juzi alikaa kitandani kwangu, akanipungia karata ya yule samaki usoni: "Weye Dominique, kufa mbio basi! Minye niko na maneno ya saa mbili nzima!" Anafanya mazoezi uani. Nasikia wanangu wakicheka.

Basi chomeni zote, mfute jina langu, niachwe nife mwalimu.

Wasalimie wote wanaosimama kwenye mashine zenu, na Josée, ambaye kosa lake pekee ni kuniamini.

Wako, kwa heshima iliyobaki,
Dominique, mwalimu mstaafu

N.B. Nimemsomea Blaise barua hii, nikitegemea atacheka. Akauliza tu, "Sasa minye nitasema nini pale kaburini?" Kisha akalia, mtu wa miaka themanini, mbele ya Élise. Mtani halii, Mama. Ni kinyume cha mila, na hii naijua kwa hakika. Msichome hata karata moja. Jina langu liandikeni kwa herufi kubwa zaidi. Na mtumieni boksi lingine upesi, hili amelilowesha lote.